Jumamosi: kupakia filamu kwenye rili

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunakutana kwangu saa 9 alasiri, si saa 8 tena, tusafishe filamu zetu nyeusi na nyeupe.

1. Mchango wa dawa ni sh 8,000, tafadhali utume kabla ya Alhamisi usiku.

2. Njoo na filamu moja ya milimita 35 na mkasi mdogo.

3. Rili za plastiki (vigurudumu ambavyo filamu huzungushwa juu yake kabla ya kusafishwa) zioshwe leo na zianikwe. Zikiwa na unyevunyevu, filamu inanata katikati na haisogei tena. Ikigoma, usiisukume kwa nguvu: ikikunjika, picha zinatoka na alama za mwezi mchanga. Irudishe nyuma kidogo, gonga rili taratibu, endelea. Ncha ya filamu ikatwe wima, pembe zake zikatwe mviringo. Mikono ikilowa jasho, tia kila kitu ndani ya tangi (chombo cha kusafishia filamu kisichopitisha mwanga), funga, ndipo utoe mikono upumzike. Bomba la katikati ya tangi lisisahaulike. Bila hilo mwanga unaingia.

Tutaanza kwa mazoezi mwangani kwa filamu mbovu, kisha macho yakiwa yamefumbwa.

Naomba kila mmoja athibitishe hapa kufikia kesho saa 4 usiku: unakuja? Rili yako ni ya plastiki au ya chuma? Na nani ana mfuko wa giza (wa kupakilia filamu bila mwanga kuingia)? Mimi ninao mmoja tu.