Baba, huku nako kulikuwa na mtu wa miongo

Baltimore

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo, baridi tu ndiyo inatuonea. Nakuandikia kwa ajili ya mtu ambaye kila nikimsoma nakuona wewe, umekaa barazani unawahesabia wavuvi miongo, zile siku kumi kumi, tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa Pwani.

Aliitwa Benjamin Banneker, Mweusi huru, mkulima wa tumbaku huku Maryland. Zama zile watu hawakai bila almanaka: kijitabu cha mwaka chenye mawio, mwandamo wa mwezi, kupatwa kwa jua na maji kujaa. Wapiga chapa walikipenda, maana mwaka ukiisha mtu hana budi kununua kingine. Ila wengi wao nyota hawazijui. Hesabu walinunua kwa wajuzi. Na jina lililo juu ya kijitabu lisikudanganye, huenda si la mwandishi wa kweli. Benjamin Franklin, mpiga chapa wa Philadelphia, alijiita Richard Saunders, na katika almanaka yake ya 1733 akatabiri siku atakayokufa mshindani wake, Titan Leeds. Siku ikapita, Leeds akalalamika kwamba yu hai. Franklin akashikilia: Leeds amekufa, huyu anayepiga kelele ni wa bandia! Maskini alikufa kweli 1738.

Banneker yeye aliisoma falaki, elimu ya nyota, akikaribia miaka 60, kwa vitabu na vyombo alivyoazimwa na jirani yake, George Ellicott. Hesabu zake za 1791 hazikupata wa kuzichapa. Akakaa akapiga za 1792, na hizo zikatolewa hapa Baltimore na wapiga chapa Goddard na Angell, jina lake juu kabisa, na ndani jedwali la maji ya ghuba ya Chesapeake. Kabla hazijatoka alizinakili kwa mkono akampelekea Thomas Jefferson, mwandishi wa Tamko la Uhuru wa Marekani, pamoja na barua: wewe uliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa, mbona unashika watumwa? Jefferson alijibu kwa adabu. Watumwa akabaki nao.

Almanaka zake ziliendelea hadi ya 1797. Alifariki 1806, na siku ya mazishi nyumba ikaungua, karatasi nyingi zikaenda na moto.

Sasa Baba, hesabu zako ziko kichwani tu. Kaka nimemtumia pesa akununulie daftari lile kubwa la jalada gumu. Anza na bamvu, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo. Usiandike kwa penseli, na jina lako liweke juu.

Mama na Bibi nawasalimu sana.

Mwanao,
Mwanaidi