Swali la Kijana Wako wa Kipaimara

Nakuru

Mpendwa Adhiambo,

Salaam nyingi wewe na watoto. Barua yako nimeipata. Huyo kijana wa darasa la kipaimara aliyeuliza wanyama wa kale walikufa na nini, ikiwa kifo kililetwa na dhambi ya Adamu, usimkemee. Kule Rusinga, ziwani kwenu, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka 1948. Udongo wa huko una mifupa ya viumbe waliokufa yapata miaka milioni 18 iliyopita. Binadamu wa kutenda dhambi alikuwa bado hajazaliwa.

Mimi ningemrudisha kwenye Mwanzo. Adamu aliambiwa siku atakapokula atakufa hakika. Akala, na bado akafikisha miaka 930! Basi kilichokufa siku ile ni nini? Soma yanayofuata: anajificha kati ya miti, na akiulizwa anamsukumia mke wake lawama. Sidhani hata Paulo, aliposema katika Warumi 5 kwamba kifo kiliingia kwa dhambi, alikuwa na habari za swala na simba.

Ugumu wenyewe uko kwa wale wazazi wawili wa kwanza, Adamu na Hawa. Wataalamu wa jeni wanasema kizazi chetu kilitokana na maelfu ya watu. Naye Papa Pius XII, mwaka 1950, aliruhusu uchunguzi kama mwili wa binadamu ulitokana na viumbe waliotangulia, ila wazazi wa kwanza kuwa wengi hakuona kunavyopatana na dhambi ya asili. Padre wenu atakukumbusha hilo, jiandae. Mimi hukimbilia kwa Mtakatifu Ireneo, askofu wa karne ya 2, aliyewaona Adamu na Hawa kama watoto waliopaswa kukua. Hapo naona pana nafasi kwa sayansi, kuliko kwa Adamu aliyeumbwa kamili.

Ukija likizo twende Kariandusi, karibu na Gilgil. Kuna mashoka ya mawe ya miaka mamia ya maelfu, mengine ya lile jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, yamechongwa pande zote mbili hadi yakapata makali. Shoka kama lile huchuna ngozi ya mnyama, na huweza kumpasua mwenzako kichwa. Kwangu mimi Anguko, yaani kule binadamu kuingia dhambini, ni pale mtu alipojua kwamba la pili ni ovu, akalifanya hivyo hivyo. Kama walikuwa wawili au elfu kumi, hilo halinikoseshi usingizi.

Kijana mlete pia, wazazi wake wakikubali. Nauli ya kutoka hapa mjini ni juu yangu.

Wako,
Njeri