Barua kutoka Houston: kabla Salim hajaingia mstari wa mbele

Houston, Texas
Novemba 2025

Dada Mwanakombo,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Barua yako imefika pamoja na zile video za Salim. Umeniuliza mambo mawili: huo mstari wa mbele wa ulinzi katika futiboli ya Kimarekani, ambao kocha wake wa raga anamwambia utamfaa huku, ni kazi gani hasa, na je, ni kazi ya kumlisha mtu? La kwanza nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo wengi wanapodhani ni unene tu. La pili jibu lake ni tarehe na hesabu, na nitakuomba usiruke mstari hata mmoja.

Kila timu huwa na watu 11 uwanjani. Wa mstari wa mbele wa ulinzi ni watatu au wanne. Huinama mkono ukiwa chini, wakitazamana na washambuliaji watano: senta katikati, magadi wawili kandoni mwake, mateko wawili nje. Kati ya pande hizo mbili kuna nafasi ya urefu wa mpira wenyewe, kama sentimita 28. Kila mkupuo, yaani tangu mpira utoke chini hadi mchezo usimame, huisha ndani ya sekunde nne hadi sita, watu wakajipanga upya, wakaanza tena. Ulinzi hukumbana na mikupuo 60 hivi kwa mechi, na wa mbele hupokezana, kwa hiyo hata aliye bora hupumzishwa mara kwa mara. Salim aliyezoea kukimbia dakika 80 za raga ataona kama mchezo wa wavivu mpaka afike mkupuo wa ishirini.

Kazi ni mbili. Mpira ukikimbizwa, aliyepewa pengo alizibe. Mpira ukitaka kurushwa, amfikie koterbeki, yule mshambuliaji anayeurusha, kabla hajauachia, naye huuachia ndani ya sekunde mbili na nusu hadi tatu. Kumwangusha akiwa bado ameushika ndiyo saki, na saki ndizo zinazopandisha mshahara. Tangu zilipoanza kuhesabiwa rasmi mwaka 1982, Bruce Smith ndiye mwenye nyingi zaidi, 200, na Reggie White anamfuata kwa 198.

Makocha hupanga nafasi kwa namba. Sifuri ni uso kwa uso na senta. Tatu ni bega la nje la gadi. Tano ni bega la nje la teko, na tisa ni nje kabisa, kumpita taitendi, mshambuliaji anayejipanga kando ya teko. Anayekaa sifuri hubeba watu wawili kila mara ili wenzake wawe huru. Mara nyingi huwa na kilo 140 na zaidi, na saki zake ni chache bila kosa lake. Anayekaa tatu huwa na kilo kati ya 125 na 140. Wa pembeni, endi, huwa kati ya 115 na 130, mwenye mikono mirefu na hatua ya kwanza kali. Umesema Salim ana mita 1.88 na kilo 104. Basi ni endi. Akitokea mtu wa kumwambia anenepe hadi 140, mwambie asimsikilize: atapoteza ule mwendo ambao ndio pekee unaomfanya atazamwe. Tena Aaron Donald alikuwa na mita 1.85 na kilo 127 hivi, wakasema ni mfupi kwa kazi ya katikati, timu za kulipwa zikamwacha hadi nafasi ya 13 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2014. Alistaafu 2024 akiwa na saki 111 na tuzo tatu za mlinzi bora wa mwaka.

Sasa ufundi. Huu msomee yeye mwenyewe.

Mkao: miguu upana wa mabega, kidole cha mguu wa nyuma kikae sawa na kisigino cha mguu wa mbele, mkono chini mbele ya jicho, nyonga juu kidogo kuliko mabega. Uzito uelekee mbele kiasi kwamba ukiuondoa ule mkono angedondoka. Macho yatazame mpira, si mtu, wala asisikilize sauti. Koterbeki hupaza sauti makusudi ili watu watoke mapema, na kuotea ni adhabu ya yadi tano. Mpira ukitikisika ndipo atoke, hatua ya kwanza fupi na ya chini, na viganja viwe vimeshafika kifuani mwa adui kabla mguu wa pili haujatua. Apige kwa vitako vya viganja, dole gumba juu, viwiko karibu na mbavu. Mwenye mikono ndani ndiye mwenye usukani.

Kusoma ni kitu kingine. Kofia ya aliye mbele yake ikija chini na mbele, mpira unakimbizwa: anyooshe mikono, asimame pengoni, amtazame mwenye mpira, kisha amtupe adui upande. Kofia ikiinuka na makalio yakirudi nyuma, ni mpira wa kurushwa. Hapo achague njia yake: kumsukuma moja kwa moja, kupangusa mikono yake na kupita, au kuinama na kupitisha mkono chini ya kwapa kwa nguvu. Anayeanza ashike mbinu moja na ya pili ya kujibu, zinatosha kwa mwaka mzima. Wakimjia wawili, ashushe goti na nyonga, apige bega kwa mmoja, akatae kusogea. Hakuna atakayempigia makofi, lakini kocha atakuwa ameona.

Makosa ya wanaotoka raga nayajua kwa sababu ni yaleyale. Kwanza, husimama wima ili waone mpira uko wapi, na aliyesimama wima husukumwa na mtu mwepesi kuliko yeye. Pili, hufungua mikono kama wanaokwenda kukumbatia, adui akaingia katikati. Tatu, hili la maendi hasa, hukimbia kwa kasi hadi kumpita koterbeki kwa nyuma. Yeye hupiga hatua moja mbele, na mlango uko wazi. Njia lazima ikunjwe mahali koterbeki aliposimama, yadi saba au nane hivi, bega la ndani likiwa limeshuka. Nne ni sheria: kumwangukia koterbeki kwa uzito wote ni yadi 15, na kushika wavu wa kofia ni 15 pia. Amwangushe kwa kuzunguka, atue ubavuni.

Kwa uzito, nataka afike 112 kwa mwaka mmoja, si zaidi ya robo kilo kwa wiki. Protini kama gramu 180 kwa siku. Hiyo haihitaji unga wa makopo kutoka dukani. Mayai manne yana gramu 24 hivi, nusu lita ya maziwa 16, kipande cha samaki cha gramu 200 zaidi ya 40, na maharage au ndengu yajaze palipobaki, juu ya wali na viazi vitamu. Makopo yale mengi hayajapimwa, na vyuo vya huku hupima mikojo. Mazoezi: mbio za mita 10 na 20 kutoka mkao wa mkono chini, kuchuchumaa na chuma begani, na mieleka au judo akipata pa kucheza. Raga aendelee nayo. Akiangusha mtu, kichwa kiwe pembeni, kamwe kisitangulie.

Nije kwenye njia. Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alitoka raga moja kwa moja akasaini na Indianapolis Colts mwaka 2013, akawa Mkenya wa kwanza kucheza ligi kuu ya huku. Mwili alikuwa nao. Alicheza mechi chache, zaidi kwenye vikosi vya mateke, na kufikia 2015 alikuwa ameachwa. Kusoma mchezo huchukua miaka, na timu za kulipwa hazina subira hiyo. Mlinganishe na Ezekiel Ansah wa Ghana, aliyeanza mchezo huu chuoni Brigham Young mwaka 2010 na kufikia 2013 akachaguliwa wa tano nchi nzima na Detroit. Au David Onyemata wa Nigeria, aliyejifunza chuoni Manitoba, Kanada, kisha New Orleans wakamchukua raundi ya nne mwaka 2016. Hao wawili walipewa na chuo muda wa kukosea. Ligi nayo ilifanya kambi Nairobi mwaka 2023, na ina mpango wake wa wachezaji wa kimataifa tangu 2017. Mlango huo upo, ila ni mwembamba, na mimi ningeanzia chuo.

Chuo cha daraja la kwanza kinataka masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani usiopungua 2.3 kwa kipimo chao. Matokeo yake ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yatageuzwa kwa kipimo hicho. Hisabati yake basi isilegee. Na hili ni muhimu, Dada: akijiandikisha chuo kikuu chochote kwa masomo ya muda wote, hata hapo Mombasa, miaka yake mitano ya kuruhusiwa kucheza inaanza kuhesabiwa siku hiyo. Asijiandikishe popote kabla hatujaongea.

Akipata ufadhili kamili, unalipa ada, malazi, chakula na vitabu. Vyuo vingi vya daraja la pili hulipa sehemu tu, na vya daraja la tatu havilipi chochote kwa ajili ya michezo. Wanafunzi wa Kimarekani sasa huuza majina na picha zao kwa matangazo. Salim atakuwa kwa viza ya mwanafunzi, na kazi ya namna hiyo inaweza kumvunjia viza. Asitie sahihi karatasi yoyote ya pesa kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo haijaisoma.

Miaka mitatu baada ya kumaliza sekondari ndipo anaruhusiwa kuteuliwa na ligi kuu. Uteuzi ni kila Aprili, raundi saba. Kabla yake walioalikwa hupimwa Indianapolis: mbio za yadi 40, kuruka, kuinua kilo 102 kifuani mara nyingi awezavyo. Kisha, na hapa ndipo familia nyingi hujifunga kitanzi, kuchaguliwa si kuajiriwa. Timu huingia kambini na watu 90. Mwishoni mwa Agosti hubaki 53. Wengine 16 huwekwa kikosi cha mazoezi, na waliobaki hurudi makwao. Ukisikia Mei kwamba Salim amesaini, usichinje mbuzi, usikope, usimwambie shemeji kwamba msingi wa nyumba uanze.

Hesabu yenyewe ya mwaka 2025 ilikuwa hii. Mshahara wa chini wa mchezaji mpya ulikuwa dola 840,000, lakini hulipwa kwa wiki za msimu, ambazo ni 18. Aliyeachwa wiki ya nne anapata za wiki nne. Kikosi cha mazoezi kilikuwa dola 13,000 kwa wiki, na mtu anaweza kuondolewa Jumanne yoyote. Toa kodi ya shirikisho, ambayo ngazi yake ya juu ni asilimia 37. Toa kodi za majimbo anakocheza: California ni kali, Texas na Florida hawatozi. Toa wakala, asiyeruhusiwa kuzidi asilimia 3. Pesa nyingi kwenye mikataba hazina dhamana. Ya kutazama ni ile iliyoandikwa kwamba imedhaminiwa, si jumla inayotangazwa redioni. Chama cha wachezaji hutaja wastani wa miaka 3.3 kwa kazi nzima, na pensheni inahitaji misimu mitatu. Unaona mwenyewe namba hizo zilivyokaribiana.

Mwili. Vidole huvunjika na kupinda, hilo hawalihesabu hata kuwa jeraha. Mabega hulegea kwa kusukumana, kano za goti hukatika mtu akiangukiwa kwa nyuma, na kano ya kisigino hukatika kwa wazito. Hizo hupona, kwa miezi tisa hadi mwaka. Kichwa ndicho kinachonitia wasiwasi. Wa mstari wa mbele hawagongwi vibaya mara moja moja. Hugongana kidogo kidogo karibu kila mkupuo, na ugonjwa wa ubongo unaohusishwa na magongano hayo huthibitishwa tu baada ya mtu kufa. Sitakuficha hilo. Anachoweza kufanya ni kutumia mikono badala ya kofia, na kusema akipata kizunguzungu hata kama nafasi yake itachukuliwa. Joto la Agosti nalo huua: Korey Stringer, mchezaji wa Minnesota, alizidiwa kambini mwaka 2001 akafa. Na siku atakayoacha, kilo 15 au 20 zishuke upesi, kabla moyo na usingizi havijaharibika.

Kuhusu yule bwana uliyemtaja, anayetaka laki mbili za "kambi na viza", msimpe. Chuo kinachomtaka mtoto huandika barua kutoka kwa anwani yake rasmi na hutoa chenyewe fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi. Mnacholipa ninyi ni ada ya kusajili mwanafunzi na ada ya viza, ambazo mwaka 2025 zilikuwa dola 350 na dola 185, kwa serikali ya Marekani moja kwa moja.

Nitumie video mpya: dakika tatu, mbio za mita 20 kwa upande, mkao wa mkono chini kwa mbele na kwa ubavu, na vipande vya raga asivyokata alipokosea. Mpime bila viatu, na urefu wa mkono kutoka bega hadi ncha ya kidole cha kati. Ripoti za shule za miaka miwili, kurasa zote. Akiwa na swali la mkao anipigie Jumapili usiku, saa za kwenu.

Mama mpe salamu, na dawa zake za presha nitazituma na mtu anayekuja Desemba.

Kaka yako,
Hamisi