Seli hazishiki? Kagua kwanza uso wa sahani

Simu ya mteja huanza hivi: seli za neva nilizopanda jana leo ziko mafungu mafungu, nyingine zinaelea. Ameshabadilisha midia (kimiminika cha kulishia seli), ameshashuku inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli). Sisi humuuliza kwanza: umezipanda juu ya nini?

Chukua sahani ya ziada ya kukuzia seli, udondoshee tone moja la maji. Likijikusanya kama shanga, hiyo ni plastiki tupu ya polistaireni, na seli nyingi hazitatulia hapo. Likitandaa, uso umeshatibiwa, mara nyingi kwa plazma, ile gesi yenye chaji za umeme inayoupachika vikundi vya oksijeni hadi ukapenda maji.

Lakini kupenda maji peke yake hakutoshi. Seli haishiki plastiki moja kwa moja. Protini za seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe, yanayotiwa kwenye midia) kama fibronektini na vitronektini hutangulia kutua, nayo seli huja kuzikamata kwa integrini zake, yaani protini za kushikia zilizo juu yake. Seli za neva mara nyingi hukuzwa bila seramu, basi zinafika na hakuna cha kukamata.

Hapo ndipo tunapopaka poli-D-laisini, mnyororo mrefu (polima) wa asidi amino iitwayo laisini. Polima hii ina chaji chanya, uso wa seli una chaji hasi, vikavutana. Ipo pia ya aina ya L, yenye umbo lililogeuzwa kama kwenye kioo, nayo hufanya kazi, ila vimeng'enya vya seli huweza kuikatakata. Ya D huvishinda. Kwa seli zitakazokaa wiki kadhaa, sisi tunapendekeza D bila kusita.

Ukipaka mwenyewe, tafadhali osha. Osha mara tatu kwa maji tasa, kisha acha ikauke. Polima isiyoshika kwenye uso wa sahani hubaki ikielea na kuziua seli zilezile ulizotaka kuzisaidia, na kosa hili tunakutana nalo kuliko yote.

Uso huamua hata ukuaji. Mwaka 1978 Folkman na Moscona walipaka sahani poli-HEMA, polima ambayo seli haziishiki, kwa unene tofauti: kadiri seli zilivyozuiwa kutandaa zikabaki duara, ndivyo zilivyopunguza kutengeneza DNA. Leo polima hiyohiyo huwafaa wanaotaka seli zisishike kabisa, zijikusanye kuwa vitufe vya seli.

Ukituandikia, tutajie aina ya seli, kama midia ina seramu, na siku utakazozikuza. Picha ya hadubini ya siku ya kwanza itatusaidia sana, hata kama imetoka vibaya.