Furaha, hilo jiwe lisisuguliwe

Ndugu yangu Furaha,

Salamu nyingi kutoka Dodoma. Baridi ya huko Uingereza imeanza? Barua yako imefika, na hiyo picha ya jiwe lililooteshwa maua shambani kwa jirani wa parokia inanifanya niache mengine yote. Ya Mzee Lameck nitakuandikia baadaye.

Tafadhali waambie wasilisugue! Kama kweli ni birika la ubatizo, yaani beseni la jiwe la kubatizia, lililopotea kanisani kwenu, alama zake zipo. Toeni udongo kwa mikono, mtazame katikati ya kitako: patakuwa na tundu la kutolea maji, pengine limezibwa kwa madini ya risasi. Hori la ng'ombe hutobolewa ubavuni, na kinu hakitobolewi kabisa. Kisha pitisha vidole ukingoni. Mwaka 1236 Askofu Mkuu Edmund wa Canterbury aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli, watu wasiibe maji yaliyobarikiwa wakayafanyia uchawi. Vyuma vya kufuli vilishikizwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Vikishika kutu huvimba, ukingo ukamegeka. Mapengo mawili yanayotazamana nayaamini kuliko nakshi yoyote, maana nakshi huchongwa upya, na jiwe hubadilishwa kazi. Birika la Melbury Bubb, kule Dorset, lina wanyama walio kichwa chini kwa sababu lilitokana na nguzo ya msalaba wa kale iliyopinduliwa.

Kulikuta shambani si ajabu. Mwongozo wa ibada wa Bunge la Uingereza wa 1645 ulikataza kubatizia penye mabirika ya zamani; makanisa mengi yakatumia mabakuli, mawe yakatupwa. Bakuli la birika la Deerhurst, Gloucestershire, la kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, lilipatikana shambani karne ya 19, na mguu wake ukapatikana kwingine. Kwa hiyo na mguu wa lenu utafuteni, pengine umebeba saa ya jua kwenye bustani ya mtu. Na kwenye daftari za hesabu za kanisa someni malipo ya 1644 hadi 1646, kisha ya 1660 hadi 1664, mfalme aliporudishwa kwenye kiti na mabirika mapya yakachongwa.

Narudia, lisisuguliwe. Brashi ya waya au maji ya presha yataondoa rangi ya kale iliyobaki kwenye mifereji ya nakshi. Wala vijana wasilinyanyue kwa ukingo: jiwe la chokaa la upana wa sentimita 75 na kimo cha 45, hata likichimbwa ndani, lina karibu kilo 300, na litakatika pale pale penye kutu. Lifunikwe kabla ya barafu. Maji yakiganda ndani hulipasua. Kulirudisha kanisani kunahitaji kibali cha mahakama ya dayosisi, msianze kuchimba sakafu.

Sasa nijibu: tundu lipo? Jiwe lenyewe ni la mviringo au la pembe nane? Kina chake kingetosha kuzamisha mtoto? Mwenye shamba amekubali kutoliuza? Daftari ziko kwenu au zimepelekwa kwenye nyaraka za kaunti? Na Mama Rehema amesemaje alipoliona?

Nitumie picha ya kitako haraka.

Wako,
Yohana