Shoga, yule nesi wako usimfute

Shoga yangu,

Habari za huko? Mama anaendeleaje na mguu? Sisi huku Tanga wazima, nimetoka naiti asubuhi hii na usingizi umegoma kabisa, nawaza yale uliyonambia kwenye simu, kwamba ulichora kijitabu cha watoto cha mambo ya chanjo ukamweka nesi mbele, halafu wenye kazi yao wakakurudishia wakasema mbele akae daktari, nesi asogee nyuma ashike trei. Ashike trei! Yaani niliumia kama wamenisogeza mimi mwenyewe, maana anayemshika yule mtoto paja analia ni nani kama si sisi.

Sasa nisikilize, maana we ndo ulinipa huu ugonjwa wa katuni toka tunagombania Sani bwenini. Siku hizi nikipata nafasi usiku wodi ikitulia nasoma habari za katuni za zamani za Marekani, zile za miaka ya 40, kitabu kizima senti 10. Na kumbe walichora mambo ya hospitali hadi basi. Kulikuwa na moja inaitwa True Comics, ilianza 1941, yenyewe ilikuwa inachora watu wa kweli tu, humo ndo unakuta akina Pasteur wa chanjo na Walter Reed, yule daktari wa homa ya manjano, na watoto walikuwa wananunua kwa hela yao. Lakini hao wote wanaume unawajua, tumefundishwa.

Iliyonikalisha macho ni Wonder Woman. Yule dada mwenye bangili za kuzuia risasi, unajua alipofika Marekani mwanzoni kabisa mwaka 1942 alijificha kama nani? Kama nesi wa jeshi! Katuni inasema alimkuta nesi analia nje ya hospitali, mchumba wake kapata kazi Amerika Kusini na yeye hana nauli ya kumfuata, basi Wonder Woman akampa hela na yule akamwachia vyeti vyake na jina lake, Diana Prince, akaingia wodini kumuuguza rubani aliyempenda, aliyekuwa ameumia. (Hapo kwenye cheti roho iliniuma kidogo, cheti cha nesi si cha kuachiana, mtu anaweza kufa.) Ila fikiria, mwanamke mwenye nguvu kuliko wote duniani anatafuta nguo ya kuvaa ili akae na watu, anachagua gauni letu.

Halafu si hivyo tu. Katikati ya kitabu chake kulikuwa na kurasa za wanawake wa kweli wa kwenye historia, zilikuwa chini ya Alice Marble, yule bingwa wa tenisi. Toleo la kwanza wakamchora Florence Nightingale. La pili Clara Barton, aliyehudumia majeruhi vitani halafu 1881 akaanzisha Msalaba Mwekundu wa Marekani. La tatu Edith Cavell, nesi Mwingereza ambaye Wajerumani walimpiga risasi Brussels mwaka 1915 kwa sababu aliwasaidia askari kutoroka. La nne Lillian Wald. Umeona hapo? Wanne wa kwanza wote watu wa kuuguza! Hawakuanza na malkia wala nani.

Najua ilikuwa vita na manesi walikuwa wanatafutwa kwa udi na uvumba, mwaka 1943 serikali yao ikaanza kulipia wasichana wasomee unesi na zaidi ya 100,000 walimaliza, kwa hiyo katuni nazo zilikuwa zinavutia huko huko. Sawa. Bado mtoto wa kike aliyefungua ile kurasa alimwona nesi yuko katikati ya picha na anatoa amri. Na vita ilipoisha mambo yakageuka, yule aliyemtunga Wonder Woman akafariki 1947, kurasa za wanawake wa historia zikapungua hadi zikaondolewa, mahali pake wakaweka mambo ya mila za harusi za nchi mbalimbali. Napenda harusi na wewe unajua, lakini hilo lilinikera sana.

Wa kumchora wewe ni Lillian Wald. Huyu ndo sisi, nesi wa mitaani, wa kupanda ngazi na begi. Mwaka 1893 alikuwa New York anafundisha kinamama wahamiaji namna ya kutandika kitanda cha mgonjwa, kakaingia katoto ka kike kanamtafuta, mama yake kajifungua na hali mbaya. Akaacha darasa akamfuata yule mtoto kwenye vichochoro na matope hadi kwao, vyumba viwili, familia ya watu saba na bado wapangaji humo humo, mama amelala kwenye damu ya siku mbili. Siku hiyo hiyo akaachana na masomo ya udaktari aliyokuwa ameanza. Aliacha udaktari shoga, akaenda kuishi mtaa ule ule kama nesi! Baadaye 1902 akawaomba wakubwa wa New York wajaribu kuweka nesi kwenye shule 4 kwa mwezi mmoja, maana watoto walikuwa wanarudishwa nyumbani kwa upele na macho na hakuna wa kuwatibu. Yule nesi akawatibu, akawafuata hadi makwao, watoto wakarudi darasani, na manesi wa shule wakaongezwa.

Kwa hiyo kabla hujabadilisha kile kijitabu nenda nacho tena, waambie hizi habari. Wakikataa, chukua hela yao wape trei yao, halafu hii ya Lillian tuifanye sisi, mimi nitaandika maneno wewe uchore. Anza na yule mtoto mlangoni. Vya ndani ya begi nitakutajia kimoja kimoja, maana mara ya mwisho ulichora bomba la sindano limeshikwa kama kalamu nikashindwa kula.

Nisalimie mama, mwambie mguu auweke juu ya mto akikaa. Nina ofu Jumamosi, nipigie jioni.

Wako,
Sista wa naiti