Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kahawa Yetu Yaingia Mbeya Mjini

Ndugu wanachama,

Wazee wetu, shikamooni. Mwaka jana mlitupa idhini ya kutenga sehemu ya mavuno, tuikaange, tuisage na kuiuza wenyewe Mbeya mjini. Kahawa nyingine yote imepitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, hadi mnadani kama kawaida, kwa hiyo nitazungumzia hili jipya tu.

Sisi wa Mbozi tunalima arabika nzuri. Kuanzia Mei tunachuma, tunamenya, tunaosha na kuanika, kisha magunia yanapakiwa, yanaondoka. Asubuhi ya Julai, baridi ikiwa inauma hadi kwenye mifupa, mkulima huyohuyo anakunywa chai. Mjini ni vilevile: agiza kahawa mgahawani, utaletewa chupa ya maji moto na kopo la kahawa ya kuyeyuka. Jambo hili limeniumiza miaka mingi. Tulikuwa tunasema watu wa huku si wanywaji wa kahawa, kumbe hakuna aliyewahi kuwapelekea iliyo nzuri.

Vibali vilituchelewesha. Kukaanga kahawa kunahitaji leseni ya Bodi ya Kahawa, na masuala ya usalama wa chakula yaliyokuwa kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) yako kwa Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Katibu ameenda na kurudi mara nyingi, na namshukuru mbele yenu.

Kuna swali ambalo baadhi yenu mmeniuliza njiani, na mna haki ya kuuliza: kilo zetu zimekwenda wapi? Kahawa ya maganda kilo 100, ikishakobolewa, hubaki kahawa safi kilo 80 hivi. Ikiingia kwenye kikaangio inapoteza maji, na uzito unapungua tena kwa asilimia 15 hadi 20. Mkononi zinabaki kilo 64 hadi 68. Hapo hujalipa gesi, umeme, vifungashio wala nauli. Ndiyo maana hatuwezi kupanga bei kwa kuangalia bei ya gunia peke yake, na ndiyo maana nilikataa kushusha bei pale wajumbe wawili walipoomba tufanye hivyo ili tuuze haraka.

Kosa la mwanzo lilikuwa langu. Niliamini mteja wetu ni hoteli, tukachapisha mifuko mizuri ya nusu kilo. Hoteli moja ilichukua mzigo wa kwanza, ikatuzungusha kwa malipo miezi mitatu. Mifuko mingine tuliipeleka dukani Mwanjelwa, na siku ya tatu mwenye duka akanipigia simu: "Mzee, kahawa yako imevimba, nadhani imeoza." Nilikwenda nikaikuta imetuna kama mpira, miwili imeachia kwenye mshono. Haikuwa imeoza. Kahawa iliyotoka kukaangwa hutoa hewa ya ukaa kwa siku kadhaa, na mifuko yetu haikuwa na vali ya kuitoa. Sasa tunaiacha ipumue kwanza, na tumebadilisha mifuko.

Siku hiyohiyo, nikiwa nimekata tamaa, nilikaa kwenye kijiwe cha kahawa jirani na duka lile. Kijana alikuwa na birika juu ya jiko la mkaa, vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, na sahani ya kashata. Wazee wanacheza drafti. Nilimpa mfuko mmoja, nikamwomba achemshe birika la kahawa yetu. Harufu ilipopanda, mzee mmoja aliacha kete yake akageuka kuangalia. Walikunywa, wawili wakaomba cha pili. Lakini kijana aliniambia ukweli ambao hoteli haikuniambia: "Mmeisaga nene mno, nachemsha sana ndipo ikolee, mkaa unaisha. Na mfuko wa nusu kilo siwezi kuununua, mimi nanunua ya birika moja moja kulingana na hela ya jana."

Maneno yale yamegeuza biashara yetu. Tunasaga laini zaidi, tunakaanga iive kidogo zaidi kwa ajili ya vijiwe, na tunafungasha paketi ndogo ya kutosha birika moja. Wauza kahawa wa Mwanjelwa, Soweto na Uyole wanazichukua jioni ili wawahi alfajiri. Biashara ya kikombe haina jina kubwa, ila inalipa taslimu na inarudi kesho yake. Mfuko mkubwa hatujauacha. Tunaupeleka kwa wanaouagiza na kulipa kwanza.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba mambo mawili. Kwanza, twende Tunduma. Pale madereva wa malori wanasubiri kuvuka mpaka usiku kucha, na kahawa ni kinywaji chao. Pili, kikaangio kisikae bure kusubiri kahawa: kila mwanachama aahidi sasa kiasi atakachotenga, iwe kahawa iliyochumwa ikiwa mbivu na nyekundu. Matunda mabichi yakichanganywa, punje zake zinajitokeza zikikaangwa, zinabaki zimepauka katikati ya nyingine, na mnywaji anazionja.

Mweka hazina atasoma hesabu sasa hivi. Daftari la ahadi liko kwa katibu, nami nimeshaandika langu.